Kisanduku Chini ya Kiti

Odette,

Mambo ya maji ya kuchemsha, ya chandarua, ya kutolala karibu na ukingo wa boti, mama yako amekwisha kukuambia, na kama namjua vizuri atakuambia tena kesho asubuhi huku anakufungia samaki. Mimi siyagusi. Nimeketi hapa karakanani tangu saa saba mchana, mlango nusu wazi, umeme umekatika kama kawaida. Maporomoko ya Tshopo, unakotoka huo umeme, yananguruma pale pale yalipo siku zote, na sisi tunaoyasikia ndio tunaokaa bila umeme. Hii ni karatasi ya nne. Zile tatu nimezichana kwa sababu zilianza kwa "binti yangu mpendwa" na baada ya mistari miwili zikawa mahubiri. Unajua mimi si mtu wa mahubiri, mimi ni mtu wa kukasirika. Basi nakuandikia kwa hasira, angalau hiyo naiweza.

Hasira yenyewe si juu yako. Lijue hilo kabla hujasoma mbele.

Unaenda Kinshasa kwa mama yako mdogo, kuuza vitenge. Watu wakiniuliza nasema, "Anaenda kufanya biashara," nao wanasema vizuri, biashara ni kitu kizuri. Hakuna anayeuliza kwa nini msichana aliyefungua dashibodi ya gari akiwa na miaka kumi na minne, bila kuvunja kishikizo hata kimoja, anaenda kupima vitambaa kwa mkono. Mimi najua kwa nini. Uliacha kazi hii kwa sababu unaamini uliunguza gari la Papa Léonard. Hukuliunguza wewe. Niliunguza mimi. Nimelijua hilo kwa miezi mitatu, na nimenyamaza.

Basi, limetoka. Ni kalamu tu inayokwama.

Sasa nikueleze, fundi kwa fundi, kwa sababu hujawahi kuelezwa. Siku ile uliondoka ukiwa na nusu ya habari, na ile nusu yenyewe ilikuwa ya uongo.

Unalikumbuka gari. Papa Léonard alikuwa amelipata kutoka Uganda, usukani kulia, na redio iliyomsalimia kwa Kijapani kila alipoiwasha. Haikushika hata stesheni moja ya hapa kwetu. Redio za kule zinaishia karibu na pale za kwetu zinapoanzia, ndiyo maana kila mwenye gari la namna ile lazima apite kwa fundi. Mtoto wake alikuwa anaoa Jumamosi. Alhamisi akaja na redio mpya ndani ya katoni yake, akasema anataka muziki barabara nzima, kutoka kanisani mpaka kwenye sherehe, mtaa wote wa Makiso ujue kwamba ameozesha. Kisha akasimama pale pale kando ya gari, mikono kiunoni. Hakutaka kukaa, hakutaka kwenda kunywa kitu. Aliwahi kubadilishiwa vyombo na fundi mwingine, na tangu hapo haliachi gari lake hata kwenda haja ndogo.

Wewe ulikuwa umekaa kiti cha abiria. Ulitoa redio ya zamani, ukashika waya jozi kwa jozi, ukazigusisha kwenye betri ya tochi, kama nilivyokufundisha. Spika nzima ikiguswa na betri hukohoa, ko! Ukigusa na hukusikia kitu, spika imekufa. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, Odette. Nimelisha familia kwa hiyo betri.

Ukagusa jozi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Zote nne.

"Papa, hakuna yenye inakohoa."

"Pile imekufa. Kamata ingine."

"Nimeshabadilisha. Papa, ma-baffle ine haiwezi kufa yote siku moja. Na ile redio ya zamani, wakati tumeitoa, ilikuwa inalia. Iko kitu katikati. Acha nifungue tapis, hii zulia ya chini ya kiti."

Nayakumbuka maneno yako moja moja, kwa sababu nimeyarudia kichwani kila siku tangu hapo. Vijana wawili wa toleka walikuwa wameegemea baiskeli zao wakingoja abiria, wanatutazama. Papa Léonard naye anatutazama. Nikakwambia kwa sauti ya chini:

"Funga tu. Unataka batu baseme tumepotea?"

Hilo neno silo langu, nililirithi. Nimekusimulia mara nyingi habari za Tonton Anselme, aliyenifundisha kazi, jinsi alivyokuwa hodari. Sikukusimulia siku nilipoinua kiti cha nyuma mbele ya mwenye gari, natafuta waya uliokatika. Yule mtu aliniangalia kidogo, akapanda gari lake, akaenda kwa fundi mwingine. Tonton Anselme hakuniambia neno wiki nzima. Siku ya nane akasema, "Fundi hatafuti mbele ya mwenye gari. Kama haujue, mutume mwenye gari aende kunywa, njo utafute." Nilikuwa na miaka kumi na minane, nikaona hiyo ni hekima. Nikaishika miaka thelathini. Mafundi wote wa avenyu hii wanaifuata, na ndiyo maana baa iliyo kona ile haifi. Lakini siku ya Papa Léonard, mwenye gari alikataa kwenda kunywa, na mimi sikuwa na elimu nyingine.

Ukaifunga redio mpya, kwa kunitii. Ukaiwasha, ikatoka sauti kama ya mtu anayetafuna mchanga.

"Ongeza," nikasema.

Uligeuka ukaniangalia. Ulikuwa unajua, nadhani. Kidole chako kilikuwa juu ya kitufe na hakikusogea.

"Ongeza, nimesema."

Ukaongeza. Kisha ikaja ile harufu, na ilitoka chini ya kiti, pale pale ulipotaka kuangalia.

Papa Léonard akapiga kelele: "Nani amefunga hii?"

Na mimi, papa yako, niliyezaliwa Yanonge kwa wavuvi wasiojua kusema uongo hata juu ya ukubwa wa samaki, nikasema:

"Ni mutoto. Mimi nilikuwa nimegeuka."

Nilikuwa nimegeuka! Mkono wangu ulikuwa juu ya paa la gari, na nilikuwa nakutazama machoni.

Alichosema Papa Léonard baada ya hapo unakijua. "Njo mambo ya kutia banamuke kwenye kazi ya banaume." Vijana wa toleka wakacheka. Wewe uliweka koleo lako juu ya meza, lile lenye utepe mwekundu, ukafuta mikono kidole kwa kidole, ukaenda nyumbani kwa miguu. Nilikuwa tayari upige kelele. Nilikuwa nimeandaa hata majibu, ya ukali, unanijua. Jioni ulikula, ukaosha sahani, ukaniletea maji ya kunywa, ukasema: "Papa, pengine mimi siko na mukono ya hii kazi."

Unakumbuka nilikujibu nini? Nilisema, "Kula." Ulikuwa umeshakula.

Jumamosi msafara wa harusi ukapita kwenye bulivadi bila muziki, honi tu. Nilijificha ndani ya karakana mpaka ukaisha. Jumatatu gari likarudi. Safari hii Papa Léonard aliniachia ufunguo akaenda zake, kwa sababu wewe hukuwepo. Alisema hivyo kwa mdomo wake: leo naweza kukuachia.

Nikafunga mlango, nikainua zulia.

Ni kisanduku, Odette. Cha rangi ya fedha, ukubwa wa Biblia, kimefungwa kwa skrubu nne, na matundu mawili ya kuchomekea waya. Ampli ya kiwandani. Redio ile ya Kijapani haikuwa na nguvu zake yenyewe. Ilikuwa inanong'ona tu, na kisanduku ndicho kilichochukua mnong'ono kikautia nguvu na kuupeleka milangoni kwenye spika. Waya ulizozishika kule mbele hazikuwa za spika. Ziliishia kwenye kisanduku. Ungegusa betri mpaka Krismasi, spika zisingekohoa, maana hazikusikia kitu. Na redio mpya ina nguvu zake. Mimi nikakuamuru uzisukume zote ndani ya sikio lililozoea kunong'onezewa, na juu yake nikasema ongeza. Kitu katikati, ulisema. Ulikuwa umekikalia.

Nilikasirika sana. Niliwatukana Wajapani kwanza, kwa nini wafiche chombo chini ya makalio ya watu kama wezi. Nikamtukana Tonton Anselme kaburini kwake, Mungu anisamehe. Kisha sikubakiwa na mtu mwingine wa kumtukana.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nilichomoa kisanduku. Kwenye ule mkono wa waya zinazotoka kwenda milangoni, nikagusa betri: ko! Nyingine: ko! Zote nne zilikuwa nzima. Nikavuta waya mpya kutoka nyuma ya redio, nikazipitisha chini ya zulia mpaka pale, nikaunga jozi na jozi, nikafunga utepe, nikakiacha kisanduku nje kabisa. Redio ikasema na spika yenyewe kwa yenyewe. Nilipowasha, sauti ilitoka safi, hata besi ilisikika kwenye mlango. Nilikaa kwenye kiti kile nikasikiliza mpaka wimbo ukaisha, na sikufurahi hata kidogo.

Papa Léonard akaja jioni. Akawasha, akacheka, akapiga paa la gari kwa kiganja.

"Alors, ule mutoto alikuwa ameharibu sana?"

Odette, hapa ndipo mahali. Ile ya kwanza naweza kusema ilinitoka kwa haraka, kuna moshi, kuna watu, mtu anaropoka. Lakini Jumatatu ile hapakuwa na moshi. Nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu, nimeshika kisanduku kwa mikono yangu. Nikamjibu neno moja.

"Kidogo."

Nimetafuta namna ya kulisamehe hilo neno na sijaipata. Wewe usihangaike kunitafutia.

Tangu hapo wanakuja. Gari la padri, gari la daktari, la yule mama muuza vitenge wa sokoni, wote wana magari yaliyonyamaza, na wote wameambiwa kuna fundi anayejua Wajapani walikoficha kitu. Nenda kwa Papa Odette, wanasema. Papa Odette! Jina lako ndilo lililo juu ya hiyo sifa, na mwenyewe yuko nyumbani anakunja vitenge vya mama yake ili azoee. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miezi mitatu, tena ilikuwa ya lami, wakati barabara zetu zote ni matope.

Utauliza kwa nini sikusema. Nilijiuliza na mimi. Mara ya kwanza niliona aibu mbele ya Papa Léonard. Baadaye niliona aibu mbele yako, na hiyo ni nzito kuliko ya kwanza. Kila Jumapili nilijiambia, baada ya misa nitamwambia, na baada ya misa kulikuwa na wageni, au mvua, au mlikuwa mnacheka na mama yako na sikutaka kuharibu. Ukasema unaenda Kinshasa. Nikasema vizuri. Niliposema vizuri ulinitazama kama ulivyonitazama ukiwa na kidole juu ya kile kitufe. Unanipa nafasi kila mara, na mimi nasema ongeza.

Ulikuwa na miaka tisa ulipojua kutambua spika iliyochanika kwa ncha ya kidole tu, unakiweka kidole juu ya karatasi yake taratibu, unafumba macho. Mama yako alikutania, "Huyu ni daktari au ni mwizi?" Mimi mpaka leo siwezi. Mimi nagusa betri na kungoja kikohozi. Kwa hiyo uliposema huna mkono wa kazi hii, hata mwenye baa ya kona angeweza kukwambia hapana. Aliyekuwa anapaswa kusema ni mimi, nami nilikuambia ule chakula ulichokwisha kula.

Leo asubuhi nilikwenda. Nilimkuta Papa Léonard kwenye depo yake kule Makiso karibu na bandari, anapima mchele wa Bengamisa, watu wamejaa. Nilitaka kumvuta pembeni. Kisha nikakumbuka kwamba wewe hukuvutwa pembeni.

"Papa Léonard, ile siku ya redio, mutoto hakukosa. Ni mimi."

Alidhani natania. "Redio gani tena?"

"Ya mariage, ile harusi. Yeye alisema iko kitu katikati, mimi njo nilimukataza kutafuta. Mimi njo nilisema aongeze. Na sikukuwa nimegeuka."

Akaweka kopo la kupimia chini.

"Miezi tatu, Papa Odette?"

"Tatu."

"Na nani alitengeneza?"

"Mikono ni ya kwangu. Akili ni ya mutoto."

Hakucheka. "Donc mimi nilitukana mutoto ya batu bure, mbele ya batu, na weye ulikuwa unaangalia tu?" Akanipa maneno yangu, Odette, mbele ya wanunuzi wote, na hakuwa na haraka. Sikuyakatiza. Nilipotaka kutoka akauliza uko wapi. Nikasema kesho unapanda boti. Akasema, "Bon. Kesho nitamupeleka mimi, na gari ile ile. Iko na maneno nataka kumwambia." Alitaka kuja leo. Nilimwomba aniachie nitangulie, angalau hapa.

Niliporudi, wale vijana wa toleka walikuwa pale pale kwenye ukuta wao. Nikaona nimalize yote siku moja. Nikawaambia: ile siku, mimi sikuwa nimegeuka. Wakaangaliana. Mkubwa wao akasema kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa:

"Papa, sisi tunajua. Tulikuwa hapa. Tulikuona unamuangalia mutoto."

Avenyu nzima ilijua. Miezi mitatu wananisalimia, Papa Odette mbote, Papa Odette kazi iko aje, na wanajua. Mtu pekee aliyeamini uongo wangu ni wewe, kwa sababu mtoto akisikia papa yake amesema jambo mbele ya watu, hudhani papa yake ameona kitu ambacho yeye hakukiona.

Sikuandikii ili usiende. Mama yako mdogo anakungoja, tiketi ya boti imekatwa, na vitenge ni kazi ya heshima. Kama moyo wako uko huko, nenda na uuze mpaka soko likujue. Lakini usiende kwa sababu ya neno nililosema mimi nikiogopa watu wawili wenye baiskeli. Na popote utakapofanya kazi, ukiona kitu hukielewi, inua zulia. Mbele ya mwenye gari, mbele ya padri, mbele ya nani. Waseme umepotea. Mimi ndiye niliyepotea, na zulia langu lilikuwa limelala vizuri kabisa.

Nimemwomba mama yako akupe barua hii ukishaketi ndani ya gari. Barabara yetu mbovu, Papa Léonard ataendesha polepole, una muda wa kusoma mpaka hapa. Utakuwa umekaa kiti cha mbele, kile kile. Pale kisanduku kilipokuwa pamebaki nafasi tupu na matundu manne ya skrubu. Peleka mkono wako chini, taratibu, pana chuma chenye makali upande wa mlango. Koleo lako litakuwa pale, nimelifunga kwa kitambaa; Papa Léonard amekubali nilitie kesho kabla hujapanda. Nimelitia mafuta, utepe sikuubadilisha.

Ukiliacha, Papa Léonard atanirudishia, na sitakuuliza neno. Ukilichukua pia huna haja ya kuniambia. Mimi nitakuwa kiti cha nyuma na mama yako, uso dirishani. Safari hii nitakuwa nimegeuka kweli.

Papa yako